Siku Nilinyolewa Nusu Kichwa juu ya Mushipa

Ndiyo, ni miye. Ule mwanamuke mulisikia habari yake ku soko, ule wa kichwa kama shamba yenye mbuzi zimekula upande mumoja, ni miye Kavugho, na kama kuna mwenye anapenda kucheka acheke sasa hivi mbele nianze, juu nikisha kuanza sipendake mutu anikatize. Mumemaliza? Bon.

Kwanza mujue kitu moja: miye si muganga. Nilisoma ile masomo ya médicale hapa Butembo mpaka mwaka ya tatu, kisha ikakwama (papa alikufa, nyuma yangu kulikuwa batoto sita, mama akaniambia "Kavugho, kusoma umeshajua, sasa kuja ujue kulima," na mambo ikaishia pale). Mambo ya figo nilisahau, mambo ya mifupa nilisahau, mais kuna somo moja ilikataa kutoka, nayo ni ile ya mishipa yenye inatoa damu mu kichwa na mu shingo na kuirudisha ku moyo. Mwalimu wetu alikuwa mutu wa Kasaï mwenye serikali ilimutuma huku, na juu hatukukuwa na kitabu, alikuwa anajichora yeye mwenyewe na chaki mbele yetu: huyu wa uso anapita kando ya pua, huyu anatoka kando ya jicho, huyu nyuma ya sikio, huyu ku kisogo, yote inashuka, inaingia mu jugulaire ya inje na jugulaire ya ndani, ndiyo ile mishipa mikubwa ya shingo, kisha chini ya mufupa ya bega, kisha mushipa moja mukubwa, paf, mu moyo. Alikuwa anarudia kwake na mistari ku uso yote kama mutu mwenye batoto bake bamemuandika akiwa usingizi. Hiyo somo, hata uniamushe, nitakuimbia.

Basi sasa niko relais wa quartier, ile kazi ya kupita mulango kwa mulango na mégaphone, "Mama, mutoto amepata chanjo? Mama, choo iko na kifuniko?", na batu bananiitaka Docta Nusu, na miye naitika, juu nusu ya docta ni bora kuliko kilo nzima ya mujinga.

Ilikuwa vendredi, ndiyo Ijumaa. Samedi, kesho yake, mudogo wangu Kahindo alikuwa anatolewa dot, ndiyo mahari, bakwe banatoka Beni na mbuzi zao, na jana yake, jeudi yote, miye nilikaa chini katikati ya magoti ya jirani, akinisuka mikia mirefu mpaka mugongo, shingo inauma, matako inauma, mais nilipojiona mu kioo nilijiambia, Kavugho, hawa bageni bakikosea babebe weye, hapana shangaa. Asubui nikakula maharagi ya jana (mukumbuke hayo maharagi), nikashuka ku centre de santé, kituo yetu ya afya, kule upande ya Rughenda, kuacha kaye, ile daftari yangu ya ripoti. Dakika mbili. Ningeacha kaye ku meza na kutoka, leo ningekuwa mutu wa heshima.

Mais nikasikia kelele mu chumba ya batoto, na miye kelele ikiniita naendaka.

Nikakuta muganga Dieumerci, kijana wa Kisangani mwenye alikuwa na zamu, anasimama na wembe mupya mu mukono. Mbele yake koko moja, ndiyo bibi muzee, wa Masereka, mufupi, mukavu, amefungua mikono kama gardien ya mupira, hapiti mutu. Nyuma ya koko, ku kitanda, binti moja analia na kumunyonyesha mutoto mwenye hanyonye. Mutoto ni Kakule, miezi saba. Siku tatu kuhara na kutapika. Nilimuangalia mara moja na kicheko yangu yote ikaisha: macho imeingia ndani, utosi imezama kama kisahani, analia bila sauti na bila chozi hata moja.

"Kavugho, unisaidie kusema na huyu mama," Dieumerci akaniambia. "Nilitafuta mushipa ya kupitisha sérum, ile maji ya dawa, ku mukono mara mbili, ku muguu mara mbili, hakuna, imeshajificha, maji imemuishia. Ku kinywa anatapika yote. Nabakiza kichwa tu. Na sina asubui nzima. Huyu mutoto hana asubui nzima."

"Hapana!" koko akasema. "Kwetu tunanyoaka nywele mutu akishazikwa. Huyu angali anapumua, na weye unamunyolea matanga yake mwenyewe? Na kisha unamumwangia maji mu bongo? Niliona moja kule kwetu, kwa haya macho. Sérum mu kichwa asubui, magaribi tukachimba."

Sasa, musimucheke koko, juu yeye hakukuwa mujinga, aliona kitu na akakitafutia sababu, kama vile siye wote. Nikamwambia polepole, "Koko, ule alikufa juu balimuleta akiwa amechoka sana. Ku kichwa bawekaka mwenye hali imekuwa mubaya. Si sindano ilimuua."

"Weye ulikuwa kule?"

"Hapana, koko."

"Basi funga kinywa."

Nikafunga. Nikafungua tena (ni ugonjwa yangu). Nikamuletea mufano, juu ku formation, ile mafunzo ya kazi, batuambiaka mufano inafungua masikio. "Koko, mishipa ya kichwa iko kama njia ya kwenu Masereka. Lori ya viazi inajaza kule juu, inashuka Butembo. Damu ni vile. Inashuka tu."

Koko akaniangalia. "Na lori ikishamwaga viazi, inalala Butembo? Inapanda tena, na chumvi na sabuni."

Bamama bote ba ile chumba bakapasuka. Docta Nusu, amepigwa na lori yake mwenyewe. Mais Kakule hakusikia ile kicheko, alikuwa amefunga macho, mama yake anamutikisa, "Kakule, Kakule weh," na Dieumerci anamutia matone ya maji ya chumvi na sukari ku kinywa na kijiko, na inatoka ku kona ya mudomo.

Na ndiyo pale nikasema ile neno. Hakuna mutu alinisukuma, hakuna mutu aliniuliza. Nikasema:

"Basi koko, munyoe miye kwanza. Kama kunyoa inaita kifo, iniite miye, niko na miaka makumi tatu na ine na nimeshakula vya kutosha. Kisha nikuonyeshe mushipa kwa kichwa yangu, uguse weye mwenyewe, uone inaenda wapi."

Koko akaangalia mikia yangu, moja moja, kama mutu anachagua kuku.

"Hii nywele yote nzuri?"

"Si yote, koko. Kidogo tu hapa juu ya sikio, kama kidole."

"Leta wembe," akasema, na hakusema kwa Dieumerci, alisema akinyoosha mukono yake. "Mu jamaa yetu mwenye ananyoaka ni miye."

Ningefikiri kidogo ningeona kama mutu mwenye amenyoa bafiwa miaka yote hajue kunyoa kama kidole. Mais nilikuwa nimeshakaa ku kiti, shingo imeinama, na koko akaokota mukasi ku meza, ikaanza. Mukia ya kwanza ikaanguka ku magoti. Ya pili. Mama moja wa kitanda ya kando akaniuliza kwa huruma, "Mama, nikuwekee mu sachet?" Nikamwambia koko afanye mbio, mutoto! Akanijibu, "Ukitikisika nitakata sikio." Wembe ikaanza kando ya jicho, ikapita juu ya sikio, ikazunguka nyuma, ikaendelea ku kisogo, nilikuwa nasikia baridi inatembea ku kichwa kama mutu amenifungulia dirisha. Niseme ukweli, alikuwa anajua kazi. Hakunikata hata mara moja, na ile yote alimaliza mbele Dieumerci amalize kupanga plasta na sindano.

"Haya. Mushipa iko wapi?"

Nikagusa. Kando ya jicho: hakuna. Nyuma ya sikio: hakuna. Ku shingo: shingo tu. Kichwa yangu ilikuwa laini kama sahani, mishipa yote yenye niliimba miaka tatu imekimbia, na bamama bamesimama ku vitanda kuona vizuri.

"Iko wapi?" koko akauliza tena, na safari hii alisogea mpaka pumzi yake ikafika ku sikio yangu. Yeye alikuwa anapenda kuiona, ndugu zangu. Alikuwa anapenda ionekane nimesema kweli.

Dieumerci akaniambia, "Funga kinywa, ziba pua, sukuma kwa nguvu kama mwenye anazaa, damu itakosa njia ya kushuka, mishipa itavimba."

Nikafunga. Nikaziba. Nikasukuma.

Sasa, munakumbuka maharagi?

Sitasema ilikuwa sauti ya namna gani. Nitasema tu kama mama wa kitanda ya mwisho, kule ku ukuta, alifanya alama ya musalaba. Nitasema kama ule binti mwenye alikuwa analia tangu asubui alicheka kwa pua. Miye nilipenda simenti ifunguke, niingie, bafunge, banyoe. Mais Dieumerci akapiga kelele, "Hapana kuacha! Hapana kuacha, inatoka!" na kweli, mbele ya batu bote, ku shingo yangu jugulaire ya inje ikasimama nene kama kidole, na kando ya jicho kale kadogo kakatokea kanapinda-pinda, na miye nikaendelea kusukuma, uso umevimba, nusu upara, na harufu ya maharagi inazunguka chumba, juu kama umeshapoteza heshima yote, bora upate hata mushipa.

Koko akainama. Akafuata kale ka kando ya jicho na kidole yake kavu, polepole, mpaka mbele ya sikio, mpaka ku shingo. Kisha akakandamiza ku shingo chini, karibu na mufupa ya bega, akabakia vile. Nikaachilia pumzi juu nilikuwa naona nyota. Mushipa yote ingelala, mais kidole ilikuwa pale: juu ya kidole imejaa, chini ya kidole imekauka.

Akatoa kidole, ikalala. "Sukuma tena." Nikasukuma (ya pili, Mungu asifiwe, ilikuwa kimya). Akakandamiza tena. Akaangalia juu, akaangalia chini.

"Ni mufereji," akasema.

"Koko?"

"Ukiweka udongo mu mufereji, maji inajaa upande yenye inatokea. Upande yenye inaenda inakauka." Akageuka kwa Dieumerci. "Hii inatoka ku kichwa. Inashuka."

"Ndiyo, koko. Inashuka mpaka ku moyo."

"Ukiweka dawa mule, haipande ku bongo."

"Haipande. Moyo inaichukua, inaigawanya mu mwili yote."

Mwalimu wa Kasaï alitumia chaki na majuma mbili. Huyu mama alitumia kidole moja. Akashusha mikono, akasogea kando ya kitanda, na akasema neno moja tu: "Munyoe."

Na sasa munisikilize vizuri. Dieumerci alichukua wembe mwingine mupya, akashika kichwa ya Kakule, na akanyoa. Mara mbili. Kas, kas. Imeisha. Nafasi kama ukucha ya kidole gumba! Yeye ukucha, miye hekta! Niliangalia mikia yangu ku magoti, niliangalia ile ukucha, nikapenda kusema kitu, mais sindano ilikuwa inaingia na hakuna mutu alikuwa anapumua mu ile chumba. Mushipa ya batoto badogo ku kichwa inaonekana yenyewe, ya bluu, chini ya ngozi. Damu ikarudi kidogo mu tuyo, ule mupira ya sérum, Dieumerci akasema "niko ndani," akaweka plasta, akafungua, na sérum ikaanza kushuka, tone, tone.

Tukangoja. Ningeweza kwenda, dot ilikuwa kesho, kazi imejaa ku nyumba, mais sikuweza. Koko hakukaa. Alisimama anaangalia ile kichwa kama mwenye anangoja ichemuke. Na kisha, sijue ni nusu saa, sijue ni zaidi, Kakule akafungua macho, akakunja uso, na akalia. Kulia ya kweli, ya hasira, na ku shavu yake chozi moja ikashuka. Koko akaichukua na kidole, akaiangalia vile mutu anaangaliaka mbegu.

"Wasingya," akaniambia, ndiyo asante ya kwetu.

Bon. Sasa aibu ikaanza kutembea. Nilifunga kitambaa, nikapanda moto, ndiyo pikipiki, upepo ya Butembo mulishaijua, mbele ya rond-point kitambaa ikaenda na njia yake. Motard, mwenye kuiendesha, akaniona mu kioo. "Oh, mama, pole e. Nani alikufa?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Mutu wa karibu sana, quoi." Bamama ba barabara: pole. Muuza mikate: pole. Kufika ku nyumba, mama yangu akaweka mikono ku kichwa na kulia mbele ajue analilia nani, na tantine, mudogo wa papa, mwenye alikuwa anapanga dot yote, akaangalia tu na kukaa chini.

"Kesho dot, na weye unatuletea kichwa ya matanga? Tena nusu! Matanga ya nusu! Bakwe bakiona baseme nini?"

"Yaya, dada yangu, nyoa basi na ule upande mwingine," Kahindo akasema akilia.

"Pale ndiyo atakuwa mufiwa kamili!" tantine akapiga kelele. Akakata kesi: nitakaa jikoni nimenye viazi na kitambaa ku kichwa, bageni bakirudia Beni ndiyo nitoke.

Samedi asubui nilipita kwanza ku centre. Kakule alikuwa ku titi, ananyonya kama mwenye analipiza siku tatu. Koko akaniangalia kichwa na kusema, "Nywele inaotaka, mutoto yangu." Nikarudia jikoni yangu, nikamenya.

Bakwe bakafika, bakaimba ku mulango, mbuzi zikalia. Musemaji wao, papa muzee wa Beni mwenye kofia, akaanza hotuba muzuri kabisa. Mais moto ya jikoni ilikuwa mukali, nilitoa kitambaa kupangusa jasho, na saa ile ile mama moja wa kwao akapita kunawa mikono. Tulionana. Akarudia haraka, akainama ku sikio ya muzee. Hotuba ikasimama.

"Batu ba huku," muzee akasema, "mbele tuguse mambo ya mbuzi, tunauliza kwa heshima. Hii nyumba iko na matanga? Juu mama ameona kichwa. Na siye hatuingizake dot mu nyumba yenye inalia. Tutarudia, tukuje siku ingine."

Na tantine, mutu wa kwenda misa kila siku, akajibu:

"Hapana matanga, papa. Ni... ni ugonjwa. Ni bidudu ya nywele."

Bidudu!

Ndugu zangu, nusu kichwa nilikubali. Maharagi nilikubali. Pole ya barabara yote nilikubali. Mais bidudu, hapana. Nilitoka na kisu mu mukono moja na kiazi mu mukono ingine, bila kitambaa, maganda ku nguo, nikasimama katikati ya bageni na upara yangu upande ya kwao.

"Papa, bamama, nabasalimia. Kwa hii kichwa hakuna bidudu, na hakuna matanga. Jana kulikuwa mutoto wa kufa, na koko yake alikuwa na woga kama kumunyoa ni kumuitia kifo. Nikanyolewa miye mbele yake. Mutoto iko ananyonya sasa hivi tukisema. Munauliza nani alikufa? Hakuna mutu alikufa. Hii nywele mingine yote munaona mu inchi batu banainyoa juu mutu alikufa, yangu ilinyolewa juu mutu hakukufa. Kama kwenu huo ni mukosi, fungueni mbuzi mwende, na miye sitatafuta kitambaa."

Kahindo alikuwa amefunga macho. Tantine alikuwa anaomba, sijue kwa mutakatifu gani. Muzee akatoa kofia, akaiweka ku magoti.

"Kama hakuna mutu alikufa," akasema, "leta kiti, huyu akae mbele, na kile kisu mumutoe."

Bakacheka. Dot ikaendelea. Mais mbele niketi, ule muzee akaongeza, na sauti ya mutu mwenye anapenda elimu: "Na ule mushipa, mama, siye pia tunaweza kuuona?"

Bageni bote bakageuka kwangu. Na miye asubui ile nilikuwa nimekula nini? Nyumba ya dot, unafikiri bapishi banapewa nyama? Maharagi.

"Papa," nikasema, "uniombe kitu yote mu hii dunia. Hiyo, hapana." Na niliapa pale pale mu roho, mbele ya mbuzi na batu, kama sitasukuma tena mbele ya jamii mpaka nife, hata askofu aniombe. Na mwenye anapenda kutoa kichwa yake iwe mufano, miye nitamushauri aulize kwanza wembe itakuwa mu mukono ya nani.

Mais kujuta? Hapana. Saa ya picha, tantine akaninong'oneza kwa meno, "Geuka! Geuka upande yenye iko na nywele!" Mupiga picha akahesabu moja, mbili. Nikageuka vizuri, nikainua kidevu, nikampa upara yote.